Tatu na Tano, au Nne kwa Nne? Kwa wanandoa mnaofanya kazi Ujerumani

Wiki hii ameandika dada mmoja anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Ujerumani. Yeye yuko daraja la kodi la V (tano), mumewe yuko la III (tatu). Kila akifungua slipu ya mshahara anaona amekatwa hadi mfupa, na sasa wanatafuta mtoto. Anauliza: nibadilishe?

Badilisha, dada, tena usingoje mwisho wa mwezi.

Daraja halisemi mtadaiwa kodi kiasi gani kwa mwaka. Mkijaza fomu ya kodi pamoja, Finanzamt, yaani ofisi ya kodi, hujumlisha mapato yenu, hugawa kwa mbili, hupiga kodi ya nusu moja, kisha huizidisha mara mbili. Jibu ni lile lile, mkiwa tatu na tano au nne kwa nne, yaani wote wawili daraja la IV. Kinachobadilika ni nani akatwe zaidi kila mwezi. Mwaka 2025 kila mtu alikuwa na yuro 12,096 zisizotozwa kodi. Kwenye tatu na tano, aliye III anabeba za wote wawili, yaani 24,192 kwa mwaka huo, na aliye V habaki na kitu. Kwa hiyo slipu ya mume ikinona, msidhani serikali imewapa zawadi. Ni fungu la mke limehamia mfuko wa pili.

Mkishafunga ndoa mnawekwa nne kwa nne bila kuomba. Watu husema tatu na tano inafaa pale mmoja anapoleta kama asilimia 60 ya mapato yote au zaidi. Hesabu hiyo ni sawa kwa pesa ya mwezi, lakini haitazami posho, na posho nyingi za Ujerumani hupigwa kutoka mshahara unaobaki mkononi baada ya makato.

Chukua posho ya wazazi, Elterngeld. Kwa walio wengi ni asilimia 65 hadi 67 ya mshahara wa mkononi, kati ya yuro 300 na 1,800 kwa mwezi. Kwa mama aliyeajiriwa huangaliwa miezi 12 kabla ya mwezi ambao likizo ya uzazi inaanza, na daraja linalohesabiwa ni lile lililotawala miezi mingi zaidi. Kwa maneno mengine, unahitaji miezi 7 ndani ya daraja jipya. Sasa piga hesabu: mtoto anatarajiwa Novemba 20. Likizo huanza wiki 6 kabla, yaani Oktoba 9. Miezi inayohesabiwa inaishia Septemba, na 7 ya mwisho inaanzia Machi. Mabadiliko huanza mwezi unaofuata ombi, kwa hiyo ombi liwe limefika kabla Februari haijaisha. Mimba yenyewe imetungwa karibu Februari 27! Kipimo cha mkojo bado hakijaonyesha mistari miwili, na muda umeshapita. Ndiyo maana nasema hameni mkiwa bado mnapanga: mama aende III, baba V. Baba atakatwa sana miezi hiyo, kwa hiyo wekeni akiba ya pango la nyumba mapema. Kilichokatwa kupita kiasi kitarudi mkijaza fomu ya mwaka, na posho iliyoongezeka hamrudishi.

Posho ya kukosa kazi nayo ina mtego wake: huangaliwa daraja ulilokuwa nalo Januari 1 ya mwaka ambao haki yako inaanza. Ukisikia kampuni inapunguza watu, usisubiri barua.

Wasiotaka kuonewa wala kuoneana wana njia ya tatu: nne kwa nne yenye faktor. Finanzamt hukadiria kodi yenu ya pamoja na kuigawa kwa jumla ya makato ya nne kwa nne. Ikiwa ni 9,400 kwa 10,000, faktor ni 0.940, na kila mmoja makato yake huzidishwa kwa namba hiyo: yuro 120 zinakuwa 112.80. Kwa wanandoa ambao wote wana kazi ya kudumu, mimi ningeanzia hapo. Mnahitaji tu makadirio ya mshahara wa mwaka wa kila mmoja.

Ombi hupelekwa kwa ELSTER, tovuti ya kodi ya serikali, au kwa karatasi, likiwa na namba za kodi za wote wawili, zile za tarakimu 11, na saini mbili. Kutoka tatu na tano kurudi nne kwa nne, saini ya mmoja inatosha, hata mwenzake akigoma. Tangu 2020 mnaweza kubadilisha zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa mwaka unaoendelea mwisho ni Novemba 30. Akaunti ya ELSTER ifungueni mapema, maana msimbo wa kuiwasha huja kwa posta. Kisha tazameni slipu inayofuata, mahali palipoandikwa StKl, yaani daraja la kodi.

Mwenzako akiwa bado Dar au Mombasa, wewe unabaki daraja la I, lile la wasio na ndoa, hata cheti cha ndoa kiwe mkononi. Akishafika, nendeni na cheti hicho ofisi ya kuandikisha wakazi. Ndoa isipoingizwa pale, mwajiri hataiona. Akifika hata Desemba 20 mkaishi pamoja, mnaweza kujaza fomu ya pamoja kwa mwaka mzima. Mapato yake ya nyumbani kabla ya kuja myaandike, kwa sababu hupandisha asilimia mnayotozwa.

Jambo moja ambalo wa tatu na tano, na wa faktor pia, husahau: kwenu fomu ya mwaka ni lazima, na mkijaza wenyewe mwisho ni Julai 31 ya mwaka unaofuata. Tatu na tano mara nyingi huishia kwenye deni. Likifika yuro 400, Finanzamt inaweza kuwataka mlipe kodi mapema kwa awamu za mwaka unaofuata: Machi 10, Juni 10, Septemba 10 na Desemba 10.