Wasomaji Wanauliza: Fosfatesi za Inzi wa Matunda

SWALI: Shikamooni wahariri. Kitabu chetu kinasema kinaizi hubandika fosfeti kwenye protini, fosfatesi huibandua. Basi fosfatesi ni breki tu? Na inzi hao ndio hawa wa kwenye mabibo? (Msomaji, Newala)

JIBU: Marahaba. Wale wadogo, wenye macho mekundu, wanaozengea mabibo yaliyochacha ni jamii ya Drosophila. Wanaotoboa maembe ni ukoo mwingine.

Breki zipo. Tazama jeni puckered. Takribani saa 10 baada ya yai kutagwa, mgongo wa kiinitete bado uko wazi, na ngozi ya mbavu mbili huvutana hadi ikutane katikati. Seli za ukingoni huendeshwa na kinaizi JNK. Ishara hiyohiyo huwasha puckered, na fosfatesi inayotengenezwa hurudi kuibandua fosfeti ya JNK: ishara inajifungia breki yenyewe. Fosfatesi hiyo ikikosekana, ishara hupita kiasi na mshono wa mgongo huingia makunyanzi, ndiko jina lilikotoka. Ikizidi, ishara hufa na mgongo haufungiki.

Ila corkscrew, fosfatesi nyingine ya inzi, ndugu wa SHP2 ya binadamu, hufanya kinyume: huachia ishara. Kwenye kipokezi Torso hubandua fosfeti ambayo protini RasGAP huikalia. RasGAP kazi yake ni kumzima Ras, protini inayopitisha ishara mbele. Ikikosa pa kukaa, Ras hubaki amewaka. Kwa hiyo uliza kwanza fosfeti iliyobanduliwa ilikuwa inafanya nini.

SWALI: Nasaga viinitete kupima ERK (kinaizi inayowaka ikibandikwa fosfeti) yenye fosfeti. ERK ya jumla naiona vizuri, yenye fosfeti haionekani kabisa. Nakosea wapi? (Mwanafunzi, Lindi)

JIBU: Inzi hufa, fosfatesi zake hazifi naye: huendelea kuibandua fosfeti ya ERK wakati unasaga. Sagia kwenye barafu, ndani ya bafa yenye sodiamu floridi milimola 50 na sodiamu othovanadeti milimola 1, zinazozizima fosfatesi, na vyote viwemo kabla hujaanza kusaga. Wengi huharibu kwenye vanadeti: rekebisha pH iwe 10, chemsha mpaka umanjano uishe, poza, pima tena pH, rudia hadi mmumunyo ubaki mweupe kama maji. Usiichanganye na kemikali za EDTA wala DTT, huiua nguvu. Maziwa ya kuzibia utando (ule unaohamishiwa protini ili zipimwe kwa kingamwili) nayo yaache, maana kaseini yake imejaa fosfeti. Tumia BSA (albumini ya damu ya ng'ombe) asilimia 5.