Kufunga Kwaresima Bagamoyo: mlo ulioacha umfikie nani?

Sheria ya Wakatoliki ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Siku za lazima ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili, na miwili midogo ambayo hata ukiijumlisha haifikii mlo mmoja kamili. Kuacha nyama huanzia miaka 14. Hiyo ya nyama Bagamoyo haimsumbui mtu. Ukienda mnada wa samaki Ijumaa kuchagua changu wa kuchoma, umebadili kitoweo tu.

Kazi yenyewe iko Isaya 58. Nabii anawakemea wanaofunga huku wakiwaonea vibarua wao, kisha anawaambia wagawe chakula chao na wenye njaa. Kwa hiyo kabla ya Majivu lipa unachodaiwa: mshahara wa dada wa kazi, fundi unayemwambia "njoo kesho", daftari la dukani.

Halafu chagua mlo mmoja, siku zilezile kila wiki. Tuseme ni chai ya asubuhi, Jumatano na Ijumaa. Chai na vitafunio vikiwa shilingi 1,500, basi tangu Majivu hadi Ijumaa Kuu ni siku 14, yaani 21,000. Tumbukiza kwenye kibubu asubuhi ileile. Ukiiacha kwenye simu, itaishia kwenye vocha. Wengi hukwama hapa: walikisia tu, hawakutenga. Wengine hufidia usiku kwa sahani mbili, na cha kutoa hakibaki.

Dakika za chai zisalie: Zaburi moja, kisha mtaje kwa jina utakayempelekea. Kama humjui, muulize mwenyekiti wa jumuiya yako ya kanisani; yeye anajua nani anaumwa na nani hajapika. Usingoje Pasaka. Kila kibubu kikitosha unga, maharage na mafuta, peleka. Na asiwe lazima wa kanisani. Ramadhani ikikutana na Kwaresima, mpelekee jirani futari, ila ifike kabla ya magharibi.

Maji kunywa, joto la Machi pwani si la kuchezea. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha au anayemeza dawa na chakula asiruke mlo. Aache soda, hela yake iingie kibubuni vilevile.

Picha usipige. Na kama mhusika ataona haya kukukuta mlangoni, mpe bodaboda mzigo, umlipe nauli kabisa, na jina lako usimtajie.