Kuhusu usalama wa watoto katika shule za bweni

Mzazi mwenzangu, umeuliza kama ukuta mrefu na askari wa getini vinatosha kuwalinda watoto wetu walio katika shule za bweni hapa Kenya. Kwa maoni yangu havitoshi, kwa sababu hatari kubwa mara nyingi huanzia ndani. Machi 2001, wanafunzi 67 wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, waliteketea katika bweni ambalo wanafunzi wenzao walidaiwa kulimwagia petroli usiku, huku mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, isitiwe kufuli wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma; siku ya kuwatembelea watoto, omba kuingia bwenini ukaisukume milango hiyo mwenyewe. Tena, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, uliza mwanafunzi anayepigwa na viranja au kunyanyaswa na mwalimu humweleza nani, na kama mtu huyo husikiliza kabla manung'uniko hayajageuka ghadhabu. Asiyepata wa kumwambia shuleni anaweza kupiga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto.