Jibu: Babu anawekewa pesimeka, apimwe na amiloidosisi?

Pole sana dada kwa kuuguza. Umeuliza kama babu wa miaka 82 hapo Moshi anayetakiwa kuwekewa pesimeka (kile kifaa kidogo cha kuendesha mapigo ya moyo) apimwe pia amiloidosisi, yaani ugonjwa wa protini mbovu kujazana mwilini, au ni kumsumbua tu mzee. Mi nasema apimwe, ila pesimeka isicheleweshwe, kama mapigo yameshuka mpaka anaanguka awekewe kwanza.

Iko hivi, kuna protini inatengenezwa na ini inaitwa transthairetini, uzeeni inaweza kuharibika umbo ikajipachika kwenye nyama ya moyo, kuta zinakuwa nene, na umeme wa moyo unakatikia njiani. Pesimeka inasaidia huo umeme tu, ugonjwa wenyewe unabaki.

Muulize babu kuhusu mikono. Baba yangu mkubwa kule Marangu, miaka kabla moyo haujasumbua alikuwa hawezi hata kufunga vifungo vya shati, vidole ganzi mikono yote miwili, sisi tukasema ni baridi ya mlimani. Kumbe ile ndo dalili yenyewe ya huu ugonjwa. Angalia pia kama dawa za presha alizozizoea sasa zinamlegeza.

Eko (ultrasound ya moyo) ikionyesha kuta nene halafu mawimbi ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ni mafupi, mwambieni daktari. Damu na mkojo vipimwe mapema, maana kuna aina nyingine ya amiloidosisi inaitwa AL, inayotoka kwenye uboho, inaenda mbio na inataka daktari wa damu haraka sana. Vikiwa safi, skani ya mifupa ya teknesiamu (dawa ya mionzi inayochomwa kwenye mshipa) inaweza kuthibitisha bila kukata kinyama cha moyo. Dawa ipo, tafamidisi, Marekani waliiruhusu 2019, ni ghali mno na inapunguza kasi tu, ndo maana nakwambia muwahi.