Hadithi Imekubaliwa, Mwenye Hadithi Hajui

*Salaam aleikum, Somo. Nina miaka 49, nakaa Lamu, mtaa wa Langoni. Tuko wanawake wanne tunaoandika. Mmoja hutunga tenzi, mmoja nyimbo za vugo, zile za wanawake arusini, mmoja huandika michezo ya redio, na mimi hadithi fupi. Kila Alhamisi baada ya alasiri tunakutana kwa mmoja wetu huko Mkomani. Tunasomeana, kisha tunafunga mlango na kuzungumza: waume, watoto walioondoka, miili inayobadilika, mambo ambayo hata dada zetu hatujawaambia.*

*Mwaka jana mwenzetu mmoja alitueleza ndoa yake. Kwa miaka mumewe hajamwita jina lake, humwita Mama Fulani tu. Alikuwa akimshonea kofia ya vito, akaiacha nusu, usiku ule aliogundua kwamba anamuwaza mwanamume mwingine, aliyemposa zamani wazee wakakataa. Kofia ile iko chini ya sanduku mpaka leo.*

*Siku hizi usingizi hunikatika saa nane za usiku, nawaka joto, naamka naandika. Ndivyo nilivyoiandika hadithi ya mwenzangu, na ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Majina nimebadilisha, mambo yote nimeyapeleka Malindi. Mchapishaji mmoja wa Nairobi ameikubali itoke kwenye mkusanyiko. Mwenzangu hajui. Nimwambie, ninyamaze, au niiondoe? Miaka yote nililea na kupika, sasa ndio kalamu imefunguka. Mume wangu yuko kazini Mombasa, huja mwisho wa mwezi. Hatugombani, hatuna neno. Yeye pia sijamwambia.*

*Mwandishi wa Langoni*

Wa aleikumu salaam, mdogo wangu.

Mwambie. Mwambie kabla hadithi haijaingia mitamboni, na umwambie wewe mwenyewe, ana kwa ana, si kwa kumtuma mwenzenu wala kwa ujumbe wa simu. Nimetanguliza jibu kwa sababu naona moyo wako umeshalijua. Mtu aliyetulia na uamuzi wa kunyamaza hachukui kalamu kumwandikia Somo.

Unasema umebadilisha majina na watu umewahamishia Malindi. Hilo litamficha mwenzako mbele ya msomaji wa Nakuru. Hapa Lamu halimfichi. Mji wetu unaujua: vichochoro ambamo punda mwenye mzigo akipita mtu hujibana ukutani, madirisha yanatazamana, na wikio, vile vyumba vya juu, zimevuka njia kuunganisha nyumba na nyumba. Kofia ya vito nayo si kazi ya siku mbili. Vile vitundu vidogo vidogo huzungushiwa uzi kimoja kimoja, miezi inapita, na muda wote huo mwanamke anashona huku watu wakiingia na kutoka. Wifi zake wamemwona nayo mkononi. Wanajua ni ya nani, uzi ni wa rangi gani, na ameishia wapi. Atakayeisoma hadithi yako akafika kwenye kofia iliyoachwa nusu hatahitaji kuambiwa jina. Wala usijifariji kwamba vitabu vya Nairobi huku havifiki. Msomaji mmoja anatosha, aende nayo arusini akaisimulie.

Tena pima hasara ya kila mmoja. Siri ikivuja, wewe utapoteza shoga na utaona haya kwa muda. Yeye anaweza kupoteza nyumba. Kumwaza mtu si kosa alilolitenda, ni jambo lililompitia moyoni akalizika chini ya sanduku. Lakini likishasimuliwa mtaani, nani atabaki kutofautisha alichowaza na alichofanya? Mumewe ataulizwa na nduguze. Watoto wake wataambiwa na watoto wa wenzao. Na yule mwanamume aliyekataliwa na wazee, ambaye labda hajui lolote, naye ataingizwa kwenye kesi isiyo yake.

Najua utaniambia kwamba sisi watu wa pwani tumesema mambo ya ndani kwa mafumbo tangu na tangu. Ni kweli, nami naona fahari nayo. Kwenye vugo, pembe za nyati zikigongwa, wanawake wamewaimba wake wenza, waume mabakhili na mawifi wasio na haya, na aliyelengwa akajijua bila kutajwa. Leso tunazojifunga nazo zina maneno. Lakini tazama fumbo linavyokwenda. Anayeimbiwa yuko papo hapo, anasikia, na ana haki ya kujibu kwa wimbo wake usiku uleule au kwenye arusi ijayo. Aghlabu jambo lenyewe limeshazagaa mtaani kabla ya kutiwa kwenye wimbo. Shoga yako hana pa kujibia. Siri yake hakuna aijuaye ila ninyi watatu, na akisimama kusema "hayo ni uongo" atakuwa amekubali kwamba ni yeye. Muulize mwenzenu anayetunga vugo. Adabu ya kazi hiyo ataijua kuliko mimi.

Usiichome hadithi, lakini. Nakusihi. Wako watakaokwambia mwanamke wa miaka 49 ashike tasbihi aache kalamu, kama kwamba mkono mmoja hauwezi kushika hiki na kile kwa wakati wake. Usiwasikilize. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858, mjane na mgonjwa, mauti yakimkaribia, anamwusia bintiye. Hakuwa kijana. Alikuwa na maisha nyuma yake ya kuyatazama, na ndiyo maana mpaka leo tunamsoma. Hii miaka uliyofika, watoto wamekwisha kuondoka, mambo uliyoyaona umeyaona, ndiyo miaka ya kuandika. Furaha yako naielewa, na ningechukia kuona umenyang'anywa.

Ila nataka umtazame Mwana Kupona vizuri. Ndoa aliyoisema ilikuwa yake. Mume aliyemzungumzia ni wake, Bwana Mataka wa Siyu, aliyefariki mwaka 1856. Wanawake wangali wanazozana juu ya utendi ule. Wapo wanaouona unamwinamisha mke, na wapo wanaosikia ndani yake werevu wa mwanamke aliyejua nguvu zake ziko wapi. Wazozane wawezavyo, wanazozana naye yeye kwa maneno aliyoyatoa kwa hiari yake. Mwenzako hakutoa maneno yake kwa ajili ya kitabu. Aliyatoa kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

Na hapo nafika kwenye jambo lililonishika zaidi katika barua yako, ingawa hukuniuliza. Ndoa ya mwenzako umeieleza vizuri mno. Najua mumewe humwita nani, najua kofia iko wapi. Ndoa yako umeipa maneno machache tu: hatugombani, hatuna neno. Kisha, mwisho kabisa, ukasema mumeo hajui kwamba hadithi yako imekubaliwa. Mdogo wangu, mimi nisiyeujua uso wako nimepata habari njema kuliko zote za uandishi wako kabla ya mtu uliyezaa naye.

Sisemi ndoa yako imeharibika. Waume wangapi wa Lamu wako Mombasa kutafuta riziki, na wake zao wameshazoea kuhesabu tarehe? Watu wawili wanaweza kuishi hivyo kwa heshima na mapenzi. Lakini wanaweza pia kuishi hivyo mpaka kila mmoja akasahau kumuuliza mwenziwe analotaka kusikia. Nadhani hadithi ile ilikutoka kwa kasi kwa sababu nusu yake ulikuwa nayo tayari. Ulimsikia mwanamke mwingine akilitaja jambo ambalo wewe nyumbani kwako umekuwa ukilipita kimyakimya. Kuitwa Mama Fulani mpaka jina likasahaulika, hilo si la mwenzako peke yake. Ni la wengi, na huenda na wewe umo. Kama nimekisia vibaya, utajua wewe. Kama nimekisia vyema, basi unayo hadithi nyingine ambayo hakuna atakayekudai ruhusa yake ila mtu mmoja, naye huja mwisho wa mwezi.

Akija, mwambie. Usimwekee kesi mezani. Mpishie anachokipenda kama kawaida yako, na watu wakishatawanyika mwambie kuna hadithi umeandika na Nairobi wameipokea. Umtazame atakavyolipokea hilo. Labda atakushangaza kwa furaha. Labda atauliza umemwandika nani, na swali hilo utalazimika kulijibu kwa ukweli. Kama anaogopa ataandikwa yeye, msikilize hofu yake bila kuifanyia mzaha, lakini usimwahidi kwamba hutaandika tena. Hilo usimwahidi mtu yeyote.

Kuhusu mwenzako, nenda kwake siku isiyo ya Alhamisi, mkiwa wawili. Chukua hadithi yenyewe, nzima, kwenye karatasi. Sema ulichofanya kwa sentensi chache: ulitusimulia jambo lako, nikaliandika, nikalipeleka kwa mchapishaji bila kukuuliza, nimekuja kukuuliza sasa. Kisha mpe aisome. Akitaka usome wewe, soma. Akitaka umwachie, mwachie uende zako. Usianze kwa kumweleza mhariri ameisifu vipi, wala usimwambie kwamba ni kazi bora ya maisha yako, kwa sababu ukisema hivyo utakuwa umemnyima nafasi ya kukataa. Ukubwa wa kazi ataupima mwenyewe. Naye ni mwandishi.

Atakasirika, huenda sana. Huenda asije Alhamisi hiyo na inayofuata. Mvumilie. Usimtumie watu wa kusuluhisha na usimpelekee halua, maana zawadi mapema hivyo humfanya aliyekosewa aonekane mgumu asipokuwa tayari kusamehe. Akisema hapana, iondoe hadithi, na uiondoe bila kumrudia wiki ijayo na hoja mpya. Itakuuma. Hakuna njia ya kuiondoa isiyouma, nami sitakudanganya kwamba utaandika nyingine kama ile kesho yake.

Inawezekana pia akakubali. Wapo watu ambao, wakiona jambo lililowaelemea limeandikwa kwa ustadi, hupumua. Hata hapo muulize kipi kitoke, na kila atakachokitaja kitoke. Ushauri wangu ni kwamba kofia itoke hata kama yeye hakuitaja, kwa sababu siku ya kukubali mtu hawazi wifi zake. Utasema bila kofia hadithi inaanguka. Sidhani. Kilichoibeba ni mke asiyeitwa jina lake na kazi ya mikono aliyoshindwa kuimaliza. Fungua sanduku lako mwenyewe utafute kitu ulichokiacha nusu. Nina hakika kipo, na utakiandika vizuri zaidi kwa sababu hutakuwa unaogopa kukishika.

Kisha rudini kwenye kikao chenu wote wanne. Wanaume wa mji huu wana mabaraza na madaka ya kukalia, wanazungumza siasa na samaki mbele za watu. Sisi maneno yetu mazito tumeyasemea ndani. Ninyi mmeanzisha kitu adimu: mahali ambapo mwanamke anasoma shairi lake, na pumzi ileile anasema ndoa yangu imenichosha, na hakuna anayemkimbilia na nasaha. Hadithi yako ilizaliwa mle. Wenzako wakianza kupima maneno kwa kuhofia kuandikwa, mtakuwa mnasomeana tenzi safi zisizo na mtu ndani. Kubalianeni waziwazi kwamba kinachosemwa baada ya mlango kufungwa ni cha aliyekisema, na anayetaka kukiandika aombe kabla ya kushika kalamu, si baada. Hilo uliseme wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyejua kwa nini linahitajika. Ila usilitaje la mwenzako mbele ya wengine mpaka awe amekuruhusu.

Jambo moja la mwili, nalo lisipite. Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55, na katika miaka inayotangulia usingizi hukatika, joto hupanda ghafla, na mambo ya moyoni huonekana makubwa saa nane za usiku kuliko yanavyoonekana asubuhi. Andika usiku, ikiwa usiku ndio unaokupa utulivu. Uamuzi wa kupeleka kazi kwa mchapishaji uufanye mchana. Na mwone daktari au muuguzi umweleze hilo joto na kukosa usingizi. Nafuu ipo, na haya ya kuitafuta hatuna tena sababu ya kuwa nayo.

Sasa, kabla ya yote hayo, mwandikie mhariri leo. Usimweleze ya watu. Mwambie kuna ruhusa ambayo hujaipata kuhusu hadithi hiyo, umwombe asiipeleke kuchapwa mpaka umjibu, na umuulize mwisho wa kusubiri ni lini. Mhariri mwenye kuijua kazi yake hatakuona vibaya kwa hilo. Akishakupa tarehe, ndipo uende kwa mwenzako, ukijua una siku ngapi za kumwachia afikiri.