Kabla ya kufunga turbo, hesabu petroli

*Fundi, gari langu dogo lina injini ya lita 1.5 isiyo na turbo. Nataka kufunga turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini, ya presha ndogo tu, bar 0.5. Nozeli za kiwandani, zinazopuliza petroli, hazitoshi?*

Usiidharau hiyo bar 0.5. Ni karibu nusu ya hewa ya kawaida unayoiongeza juu, na petroli lazima ipande zaidi ya hapo. Gari likitembea taratibu, hewa kwa petroli ni 14.7 kwa 1. Turbo ikisukuma, injini inataka kama 11.5 hadi 12 kwa 1, maana petroli ya ziada ndiyo inayopoza silinda. Piga hesabu hivi: kwa injini ya turbo, kila nguvu 1 ya farasi inakula takriban cc 6.3 za petroli kwa dakika. Ukilenga farasi 150, ni cc 945. Gawa kwa nozeli 4, unapata 236. Usiishie hapo. Nozeli isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, kwa hiyo tafuta za cc 300. Ikifika asilimia 100 imebaki wazi muda wote, na kompyuta ikiomba petroli zaidi haipati kitu. Kompyuta nayo ipangwe upya kwa nozeli hizo, na sensa ya presha ya manifodi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda) iwe inayosoma juu ya bar 1.

*Nimeshauriwa nibaki na nozeli zilezile, nipandishe tu presha ya mafuta.*

Mimi sikushauri. Presha ikiongezeka mara 2, petroli inaongezeka kwa asilimia 41 tu, na pampu inaelemewa. Presha ipande sambamba na turbo, bar kwa bar, kwa regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) yenye bomba la mpira linalotoka manifodi. Bila mpira huo, bar 3 za nozeli zikikutana na bar 0.7 za turbo zinabaki 2.3; umepoteza kama asilimia 12 ya petroli wakati unaihitaji kuliko wakati wowote. Mpira huo ubane kwa klipu pande zote mbili.

*Turbo nimeshafunga. Gia ya 2 gari linavuta vizuri. Nikipanda mlima kwa gia ya 4 linaanza kumisi.*

Anza na pampu, lakini usikimbilie kununua nyingine. Pima volti kwenye soketi ya pampu yenyewe, injini ikiwa na mzigo. Betri inaweza kuonyesha 13.5 huku pampu inapata 11, kwa sababu ya waya mwembamba na viungio vyenye kutu. Vuta waya mnene kutoka betri, weka fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), badilisha filta. Funga pia geji ya presha ya mafuta unayoiona ukiendesha. Ikishuka wakati turbo inapanda, toa mguu hapohapo.

*Oksijeni sensa ya gari haitoshi kunionyesha mchanganyiko?*

Haitoshi. Ile ya kawaida inajua tu kama uko juu au chini ya 14.7. Funga sensa ya masafa mapana, inayokusomea 11.5 kama 11.5.

Halafu jizoeze kusoma plagi. Baada ya kukanyaga mafuta hadi mwisho, zima injini, ikipoa fungua plagi, tazama kauri yake kwenye mwanga. Rangi ya kahawia hafifu ni salama. Nyeupe pepe inakuonya. Ukiona vichembe vinavyong'aa kama fedha, usiwashe tena gari hilo: ni alumini ya pistoni inayoyeyuka.