Mlango wa gereji umegoma: fundi anajibu

Maswali ya safari hii yote yamekuja na mlango uliokwama. Kabla sijaanza, kuna jambo litajirudia humu: anayeubeba mlango ni springi, mota inausindikiza tu. Ukilishika hilo, nusu ya majibu utayatoa mwenyewe.

Shikamoo fundi. Juzi usiku tulisikia kishindo gerejini, kama bunduki. Tukaenda na tochi, hatukuona kilichoanguka. Asubuhi nabonyeza rimoti: mota inanguruma, mlango unanyanyuka kiasi cha kiganja, unasimama. Ninunue mota mpya?

Marahaba. Acha kwanza hela zako mfukoni. Kishindo kile kilikuwa springi inakatika. Ingia gerejini mlango ukiwa umefungwa, inua macho juu yake: utaona shafti ya chuma iliyolala upana wote wa mlango, na juu ya shafti springi nene, moja au mbili. Zimulike pete moja moja, taratibu. Ukifika mahali pete zimeachana, mwanya wa vidole viwili vitatu hivi, umempata mgonjwa. Kama springi zako ni za aina ile inayovutika kandokando ya reli za juu, mojawapo utaikuta inaning'inia.

Mota yenyewe haina kosa. Mlango wa magari mawili unaweza kupita kilo 100, na mota haikuundwa kubeba uzito huo. Imeona mzigo umeizidi, ikajizima. Usiendelee kuibonyeza, utazila gia zake na hasara iwe mbili.

Mbona ikatike usiku, bila kuguswa? Springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000, na kufungua kisha kufunga ni mzunguko mmoja. Nyumba inayotumia mlango mara nne kwa siku huimaliza springi ndani ya miaka saba hivi. Halafu springi ya kwenye shafti hukazika zaidi mlango ukiwa chini. Ndiyo maana huwaamsha watu vitandani.

Najua swali linalofuata: naweza kuibadilisha mwenyewe? Hapana, na hapa sibembelezi. Springi ya shafti hukazwa kwa fimbo mbili za chuma zinazoingia barabara kwenye matundu ya kichwa chake. Zamani, nikiwa bado kijana mwenye haraka, fimbo moja sikuiona, nikatumia bisibisi. Ilichomoka kwenye tundu, ikapita karibu na sikio langu na kuchimba ukuta wa nyuma. Nilikaa chini sakafuni muda mrefu kabla ya kushika kitu tena. Ita fundi wa milango hii hasa. Kama springi ni mbili, mwambie abadilishe zote, maana zilianza kazi siku moja.

Mlango unafunguka vizuri. Nikifunga, unashuka kidogo, unarudi juu, na taa ya mota inapepesa. Cha ajabu, asubuhi hautusumbui. Ni jioni tu. Mume wangu anasema ni mambo ya kishirikina.

Mwambie ni jua, dada. Huku chini, pande zote mbili za mlango, kama sentimita 15 kutoka sakafuni, kuna vijicho viwili vinavyotazamana. Kimoja kinatuma mwali usioonekana, kingine kinaupokea. Mwali ukikatika wakati mlango unashuka, mlango unarudi juu, usije ukamkandamiza mtoto au paka. Nchini Marekani ulinzi wa namna hii umekuwa lazima kwa mota za nyumbani tangu 1993.

Jua la jioni likipiga moja kwa moja kwenye kijicho kinachopokea, linakipofusha. Nenda saa hiyohiyo ya matatizo uviangalie. Kila kijicho kina kitaa kidogo. Kitaa cha anayepokea kitakuwa kimezimika au kinachezacheza. Weka kiganja chako kati yake na jua, bila kuuziba mwali. Kitaa kikiwaka na kutulia, umemaliza uchunguzi. Tiba ni kuvibadilisha upande, anayepokea akae kivulini, au kumvika kofia ya bomba fupi la karatasi ngumu. Nimeona kofia ya namna hiyo iliyotokana na bomba la karatasi ya chooni, na ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko sura yake.

Wengine wenye shida hii bila habari ya jua: futeni vijicho kwa kitambaa laini, ondoeni utando wa buibui, kisha angalieni kama ufagio au baiskeli haikukisukuma kimoja kikaangalia pembeni. Msivifunge kwa waya vitazamane juu ya dari ili kuudanganya mlango. Nimeyakuta hayo, na nyumba ilikuwa na watoto.

Umeme umekatika na gari liko ndani. Nifanyeje?

Tafuta kamba, aghalabu nyekundu, inayoning'inia kwenye reli ya mota. Ivute chini, itamwachanisha mlango na mota, kisha uinue kwa mikono. Hakikisha mlango uko chini unapoivuta. Mlango ulio juu na springi iliyokatika, ukiuachia, utashuka kama jiwe.

Na kwa kuwa umeshautenga na mota, upime. Uinue mpaka usawa wa kiuno, ulegeze mikono bila kuuondokea. Mlango mzima hukaa palepale, au husogea kidogo tu. Ukianguka, springi imechoka. Ukikimbilia juu, imekazwa kupita kiasi. Ukikwaruza mahali fulani njiani, kasoro iko kwenye reli au vigurudumu. Kipimo hiki ndicho ninachoanza nacho kila ninapoitwa, hata mwenye nyumba akiniapia kwamba ni mota. Umeme ukirudi, mashine nyingi hushikana zenyewe ukibonyeza swichi. Sikiliza mlio wa "kwaa".

Rimoti haifanyi kazi lakini swichi ya ukutani inafanya.

Betri. Kama si betri, tazama kwenye swichi ya ukutani kama kuna kitufe chenye alama ya kufuli; mtu amekibonyeza, nacho hufunga rimoti zote. Na kama zamani ilikuwa inashika ukiwa mbali na sasa mpaka uikaribie mota kabisa, jiulize kama hivi karibuni ulibadilisha balbu ya mota. Baadhi ya balbu za LED huvuruga mawimbi ya rimoti. Itoe, ujaribu tena.

Mlango umepinda: kona ya kulia imeshuka, ya kushoto iko juu, na waya wa chuma umetoka kwenye puli.

Uache hivyohivyo. Usivute, usisukume, usiubonyeze ukidhani utajinyoosha. Chomoa mota kwenye soketi, sogeza gari mbali na mlango kama haliko chini yake, watoto wakae mbali, uite fundi. Waya ule ndio unaovutwa na nguvu ya springi, na ukiugusa vibaya vidole vinakwenda.

Fundi, mlango ulikuwa unalia kila ukipanda, nikapaka grisi ndani ya reli zote. Sasa haulii, ila unakwama.

Umetengeneza matope, ndugu yangu. Reli haipakwi kitu. Vumbi limeingia kwenye grisi, vigurudumu vinaburuzika badala ya kuzunguka. Futa grisi yote kwa kitambaa mpaka chuma kionekane. Kisha nyunyiza mafuta ya silikoni, au grisi nyeupe ya lithiamu kidogo tu, kwenye bawaba, kwenye ekseli za vigurudumu na juu ya springi. Ukiona kigurudumu kimetoboka au kinayumba kwenye ekseli yake, hicho ndicho kilichokuwa kinalia.

Mota inazunguka, mnyororo unakwenda, mlango haubanduki.

Kuna aliyevuta ile kamba nyekundu. Uliza watoto. Ikiwa mota inalia na mnyororo haujongei, fungua mfuniko: unga mweupe ndani ni gia ya plastiki iliyolika, na gia hiyo hubadilishwa bila kununua mota nyingine.

Tumerudi kutoka safari ya wiki mbili. Rimoti ikibonyezwa, mlango unatetemeka, na pande la juu limeanza kujikunja katikati. Springi nimeziangalia, ni nzima.

Acha kubonyeza sasa hivi. Ingieni gerejini kwa kupitia mlango wa ndani ya nyumba, mtazame komeo la pembeni, lile linalopenya kwenye tundu la reli. Kabla ya safari kuna aliyelifunga kwa ajili ya wezi, na mota imekuwa ikishindana na chuma. Lifungueni, kisha fundi aliwekee pande hilo la juu upau wa kulishikilia. Ukigundua aliyefunga ni wewe, wengine si lazima wajue.